Mdogo Wangu, Kidogo ni Kiasi Gani?

Wadogo zangu wa Makorora, na nyinyi mliokwisha kuolewa mkahamia Duga, Mzingani na kwingineko, leo mambo ya wifi na ya mume wa mtu nayaweka kando. Yatatungoja, hayajawahi kuisha. Leo nina neno moja tu, ambalo liko midomoni mwenu tangu mnapoamka: kidogo.

"Dada, nikopeshe kidogo." "Tia chumvi kidogo." "Ngoja kidogo, nakuja." "Kaka, niongeze kidogo basi." Na hili la mwisho, ambalo ndilo lililonikalisha kitako niandike: "Mkopo wenyewe dada hauna shida, rejesho lake ni kidogo tu kila siku." Hilo tutalifikia, na tukilifikia mtanisamehe nikipandisha sauti.

Niseme msimamo wangu mapema tusizungushane. Kidogo ni neno la adabu. Linalainisha ombi na kumsitiri mwombaji. Mgeni akikaribishwa chakula husema "kidogo tu", kisha sahani inarudi nyeupe, na hakuna anayemlaumu. Huko liacheni lilivyo, ndio uungwana wetu. Ila likiingia kwenye mfuko wako, kwenye sufuria yako au kwenye kikombe cha dawa ya mtoto, usilipokee peke yake. Mwulize aliyelisema: kidogo cha kijiko gani, cha mkono gani, cha shilingi ngapi?

Na asije mtu akaniambia Kiswahili hakina maneno ya kupimia kidogo. Kimejaa mpaka kinamwagika. Maji yana tone, yakiingia mdomoni yana funda. Nafaka ina punje, punje ikivunjika ni chenga. Ugali una tonge, dawa ina tembe, huruma ina chembe, na usingizi umepewa neno lake peke yake, lepe. Sijapata kusikia lepe la kitu kingine. Mchicha huuzwa kwa kicha, ndizi kwa chana, dagaa kwa fungu, sabuni hukatwa kipande kutoka kwenye mche. Mchele ukijaa kiganja kimoja ni ukufi. Ukiufumba ndani ya ngumi ni konzi. Vijana nao wameongeza vyao: kiduchu, jero ya 500, buku ya 1,000. Ukisikia ukufi unaona kiganja, ukisikia jero unaiona sarafu. Ukisikia kidogo huoni kitu, na anayekuuzia au kukukopesha anajua hivyo.

Bibi zetu walikuwa wakisema "kiasi", na leo mabinti wanacheka kwamba wazee walipika kwa kukisia. Si kweli hata chembe. Mtazame mama mtu mzima wa hapa Tanga anapoandaa wali wa nazi. Anaosha mchele, anautia sufuriani, anamimina tui, kisha anasimamisha kidole mpaka ncha iguse mchele. Tui likifika pingili ya kwanza, anabandika jikoni. Likipita, anachota upawa mmoja anaweka pembeni, na hilo alilolitoa atalirudisha baadaye kama mchele ni wa zamani unaokunywa maji. Kwa hiyo akisema "kiasi", kipimo kipo kidoleni kwake. Wewe uliyeelekezwa kwa simu ukiwa Dar es Salaam ndiye usiyekiona, ukaishia kutoa bokoboko na kuusingizia mchele wa Mbeya. Siku nyingine mwambie, "Mama, kiasi ni pingili ngapi?" Atakujibu bila hata kufikiri.

Kulikuwa pia na vipimo vyenye majina yanayoeleweka pwani nzima: kibaba, vibaba viwili vikawa kisaga, vibaba vinne vikawa pishi. Wengi wenu mnakijua kibaba kwa ile methali ya haba na haba, mkadhani ni chombo cha hadithini. Basi ngojeni Ramadhani ielekee ukingoni. Mtu aliyenunua mchele kwa kilo mwaka mzima utamsikia anaulizia pishi, maana zaka ya fitri ni pishi moja ya chakula kwa kila mtu nyumbani, na mzee asiyeweza tena kufunga hutoa kibaba kimoja kwa kila siku. Siku hizi masheikh huwatafsiria watu kwa kilo, kwa kawaida kati ya mbili na nusu na tatu. Mimi napenda jambo moja hapo. Mwenye kutoa hakuambiwa atoe kidogo kwa huruma yake. Ametajiwa chombo, na masikini anayepokea anajua haki yake ilipoishia.

Sasa twende dukani, huko ndiko mnakoliwa.

Sisi wa mtaani tunanunua kwa kupima. Mafuta ya kupima, sukari ya robo, chai ya kipaketi, mkaa wa kopo, vocha ya 500. Kenya ununuzi huu wameupa jina kabisa, wanauita uchumi wa kadogo, na unga na nafaka wanapimiana kwa gorogoro. Mikoa yetu ya kaskazini, kuanzia milima ya Usambara kwenda juu, utakuta maharage na mahindi yanapimwa kwa sado, yaani kopo la rangi ya kuta la lita 4. Mtu wa ofisini huwa anatucheka akisema masikini ananunua ghali. Hesabu yake ni ya kweli. Tuseme kilo ya sukari ni shilingi 3,000 na robo ni 800. Robo nne ni 3,200, umeacha 200 kaunta. Nyumba inayotumia kilo moja kwa wiki itaacha 10,400 kwa mwaka, kwa sukari peke yake.

Lakini mimi sitawaambia mnunue kila kitu kwa jumla, kwa sababu naijua nyumba. Anayelipwa kila jioni, mume akiwa bodaboda au wewe ukiwa mama lishe, hununua kila jioni, hana namna. Tena kilo nzima ya sukari kwenye nyumba yenye watoto na mashemeji haimalizi wiki. Kila anayepita anachota, na kila mmoja anaapa amechota kidogo. Bandu bandu huisha gogo, waliosema hivyo walikuwa na kabati lisilo na kufuli. Robo inailinda sukari. Kwa hiyo chagueni vitu viwili tu vya kununua vizima, vile ambavyo hakuna anayevilamba mkipeana mgongo. Cha kwanza ni sabuni ya mche. Nunua mche mzima, ukate mwenyewe nyumbani, vipande uvianike kivulini vikauke, maana sabuni iliyokauka haiishi haraka. Cha pili ni mkaa, kama una pa kuuweka usinyeshewe. Mengine endeleeni na robo zenu, ila robo iwe robo kweli.

Na hapo ndipo pa kufungua macho. Nenda dukani jioni, ule wakati watoto wamejazana na chupa zao za mafuta, usinunue kitu, angalia tu mkono wa muuzaji. Anachovya kikombe cha kupimia ndooni, anakiinua, na kabla mafuta hayajatulia ameshamimina kwenye faneli. Kikombe kilikuwa na povu juu kiasi cha unene wa kidole. Kisha anakigeuza mara moja na kukirudisha ndooni huku mafuta yaliyoganda kwenye kuta zake yakirudi nacho. Halafu tazama kitako cha kikombe. Kama kimebonyea kwenda ndani, hicho kikombe kinampunja kila mtoto atakayetumwa pale, leo na kesho, na mwenye duka huenda hata hakukibonyeza yeye, kilianguka tu. Wewe sema kwa upole, mtoto akisikia ajifunze: "Kaka, acha kitulie, ukijaze, na ukidondoshe chote." Hayo ni maneno ya heshima. Akikasirika, duka la pili liko hatua ishirini mbele, Makorora hatuna shida ya maduka.

Sokoni kuna fungu. Fungu la nyanya lina uso na mgongo: nyanya nzuri imekaa mbele na juu, ile yenye jeraha imegeuziwa nyuma ikitazama ukuta. Zunguka. Hakuna aliyekukataza kuzunguka. Jambo jingine ambalo vijana hawalioni kwa sababu hawakuwepo: bei ya fungu haipandi, fungu lenyewe ndilo linalokonda. Fungu la 500 hubaki la 500, kwa sababu ndiyo sarafu iliyo mkononi mwa mteja tangu ilipoanza kutolewa mwaka 2014. Nyanya ndizo zinazotoka tano zikawa nne, nne zikawa tatu. Ukitaka kujua maisha yamepanda kiasi gani usiulize bei, hesabu nyanya. Ushauri wangu kwa dagaa ni huo huo: nunua kwa mizani siku moja, ukafike nyumbani ugawanye mwenyewe mafungu, uone kilo moja inatoa mafungu mangapi ya sokoni. Ukishajua, hutahitaji tena kubishana na mtu. Utasema tu, "Hili halijatimia."

Mizani nayo isikutie hofu kwa kuwa ni chuma. Tuna Wakala wa Vipimo, ipo tangu 2002, na kazi yake ni kuhakiki vipimo hivyo. Mizani ya biashara huhakikiwa kila mwaka na kubandikwa stika. Itafute stika kwa macho kabla hujatafuta nyama nzuri. Kama mizani inaanza kusoma gramu kadhaa na juu yake hakuna kitu, mwambie muuzaji airudishe sifuri kwanza. Wenzetu wa vijijini nao wanapunjwa kwa upande wa pili. Mkulima wa kabichi au viazi wa Lushoto akifunga gunia, mnunuzi humwambia "ongeza kidogo", wanashonea wavu juu, linakuwa lumbesa. Sheria ya Vipimo inakataza kufungasha zaidi ya kilo 100, na lumbesa bado ina miguu barabarani. Kidogo cha juu ya gunia ni jasho la mtu, lakini kwa sababu kimeitwa kidogo hakuna anayekilipia.

Tukitoka sokoni tunaingia jikoni, na hapa naomba mama wachanga msogee karibu.

Mtoto akiharisha, utamsikia jirani anashauri: "Mpe maji yenye sukari na chumvi kidogo." Nia yake njema, lakini huyo jirani hajakusaidia. Chumvi ikizidi humdhuru mtoto, sukari ikizidi humzidishia kuhara. Kipimo kipo na kinajulikana dunia nzima: maji safi lita moja yaliyochemshwa yakapoa, sukari vijiko vya chai 6 vilivyosawazishwa juu, chumvi nusu kijiko cha chai, nayo isawazishwe. Lita moja ni chupa ile ya maji ya dukani iliyoandikwa lita 1, usikisie kwa jagi. Hiyo ni ya kuokolea wakati usiku umekukuta. Kukipambazuka nenda kituo cha afya, pale Makorora tunacho chetu, upewe ORS ya pakiti na vidonge vya zinki ambavyo mtoto humeza kwa siku 10 hadi 14 hata kama kuhara kumekoma. Pakiti nayo isome, maana nyingi huchanganywa kwa lita moja, na kuna mama hukata nusu ya pakiti kwenye kikombe eti mtoto ni mdogo. Udogo wa mtoto unabadili kiasi anachokunywa. Mchanganyiko haubadiliki.

Dawa ya maji ni hivyo hivyo. Ukiambiwa kijiko kidogo, maana yake ni mililita 5. Vijiko vya nyumbani kwetu havikuzaliwa na mama mmoja: kuna cha chai cha harusi, kuna kile kirefu cha kukorogea, kuna kilicholiwa na jivu. Tumia kikombe au bomba lililokuja na dawa, na kama halikuja, liombe. Mfamasia akikwambia "mpe kidogo asubuhi na jioni", usiondoke kaunta. Mwambie aandike mililita kwenye boksi.

Kuhusu sukari na chumvi yetu sisi watu wazima, sitakaa sana, mtanikimbia. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kasoro ya kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo kwenye mkate na chipsi. Sukari ya kuongeza isipite vijiko 12 hivi kwa mtu anayekula kawaida, na wangependa iwe 6. Sasa chukua anayejisifu kwamba anatia "sukari kidogo": vijiko vitatu, vikombe vitatu vya chai kwa siku, tayari tisa, na chupa ya soda ya mililita 350 mchana ina karibu tisa vingine. Hajaongopa. Kidogo chake ndicho kikubwa. Nimeshawaona watu wakipunguza kijiko kimoja kwa mwezi na ulimi ukazoea bila vita, jaribuni.

Mume na "ngoja kidogo" nitawapa mistari michache tu, mada yake inataka siku yake. Mwanaume akikwambia "nikipata kidogo nitakutumia", amekupa neno zuri, hajakupa matumizi. Usigombe. Mwulize, "Nitegemee ngapi, na siku gani?" Mwenye nia atasema elfu tano Ijumaa, hata kama ni tano tu. Asiye na nia atakuuliza mbona siku hizi umekuwa mkali. Na nyinyi wachumba mnaoambiwa posa "kidogo kidogo inasogea", naomba mwezi utajwe.

Haya, pesa. Kabla sijapandisha sauti nifurahi kidogo, tena kidogo cha aya moja, mnaona nakitaja. Hili neno hela tunalolitumia kwa mamilioni lilianza likiwa jina la kitu duni kabisa. Enzi za Wajerumani rupia moja iligawanywa pesa 64, mpaka mwaka 1904 walipoibadili ikawa heller 100. Sehemu ya mia ya rupia. Ndiyo hela hiyo, na pesa nayo ilikuwa ile moja katika 64. Waliokuwa wakilipwa vijisarafu hivyo ndio waliotuachia majina, na leo tajiri akisema ana hela anatumia lugha ya kibarua. Upande wa pili tulishuhudia Aprili 2008, waziri wa miundombinu wa wakati huo, Andrew Chenge, alipoulizwa kuhusu zaidi ya dola milioni moja zilizokuwa kwenye akaunti kisiwani Jersey, akaziita vijisenti. Alijiuzulu mwezi huo huo, na neno likabaki mitaani mpaka leo. Senti ni senti, lakini inategemea imo mfukoni mwa nani.

Sasa rejesho.

Wakopeshaji wanakuja mtaani asubuhi, wamevaa vizuri, wana daftari. Mikopo yao nyinyi wenyewe mmeipa jina, kausha damu, na bado mnapanga foleni. Maneno yao ni laini: huhitaji hati, huhitaji kusubiri, unarejesha kidogo tu kila siku. Tuchukue mfano wa kawaida. Umekopa 50,000. Imekatwa 5,000 ya fomu, umeondoka na 45,000. Rejesho ni 2,000 kwa siku, siku 30. Elfu mbili! Nani atashindwa elfu mbili, anauza maandazi? Basi zidisha: 60,000. Umepokea 45,000, umelipa 60,000. Elfu kumi na tano zimekwenda kwa mwezi mmoja, theluthi ya ulichopokea. Na si hivyo tu. Siku ya 15 umeshamrudishia 30,000, lakini riba uliyohesabiwa ni kana kwamba ile hamsini nzima bado unayo mkononi. Kila siku fedha yake iliyobaki mkononi mwako inapungua, na unalipa sawasawa na siku ya kwanza.

Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, anayefanya biashara ya kukopesha anatakiwa awe na leseni, na Benki Kuu imewawekea wakopeshaji wa aina hiyo ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwenye 50,000 hiyo ni shilingi 1,750. Linganisha mwenyewe na elfu kumi, hata kabla ya ile ya fomu. Nasema haya kwa sababu mtu anayejua 1,750 haongei na mwenye daftari kwa sauti ile ile ya kuomba.

Wazee wana methali, chururu si ndo ndo ndo: mtiririko haufanani na matone. Anayekukopesha anakuonyesha tone ili usiulize ndoo. Na wewe unapohesabu faida ya maandazi unafanya kosa lile lile kwa upande wako, unasema "napata kidogo kidogo, inatosha". Inatosha ngapi? Andika. Unga, mafuta, mkaa, hamira, kilichouzwa, kilicholiwa na watoto. Daftari la mia tano na kalamu ya kuazima. Ukikuta faida ya siku ni 2,500, basi rejesho la 2,000 limekuachia 500, na hiyo ndiyo itanunua mboga, nauli na dawa kwa siku 30. Hapo sasa sema kama ni kidogo.

Mnaniuliza, "Dada, sasa mtaji tutoe wapi?" Kuna mchezo na kuna kikoba, mnavijua kuliko mimi, na uzuri wake ni kwamba hakuna neno kidogo ndani yake: hisa ina bei, zamu ina tarehe, faini ina kiwango, na vyote vimeandikwa mbele ya wote. Kikundi kinachosema "kila mtu atoe anachojaliwa" hicho ni mchango wa msiba, msikiite kikoba. Kuna pia mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, na haina riba. Inakwenda kwa vikundi, inachukua muda, karatasi ni nyingi, watu wanachoka. Nayajua malalamiko hayo na mengi ni ya haki. Lakini ofisi ya kata ipo, na Afisa Maendeleo ya Jamii kazi yake ni kuwaeleza utaratibu bure. Nendeni watano pamoja, mmoja akiandika, muulize tarehe ya kurudi, na mkirudi mrudi na hiyo tarehe imeandikwa.

Na kama shida imekubana kabisa, mtoto kafukuzwa shule, mwenye nyumba yuko mlangoni, na huyu wa daftari ndiye pekee aliyesimama mbele yako, sitakuhukumu. Mwambie akuandikie mambo matatu kwenye karatasi moja: utakayopokea mkononi, jumla utakayolipa mpaka mwisho, na namba ya leseni yake. Karatasi ibaki kwako. Akikubali, kaa nayo usiku mmoja umsomee mtu unayemwamini. Akikwambia "mbona unajisumbua, ni kidogo tu", mshukuru, ingia ndani, mkopo huo usiuchukue.